Migahawa ya Kiitaliano ya Masaki na Oysterbay, na inavyotuhusu Kilosa na Mikumi

Kwenye Rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam, katika mitaa ya Masaki na Oysterbay, ipo migahawa inayopika chakula cha Kiitaliano: piza ya tanuri la kuni, tambi za maumbo mengi, jibini, na kahawa nzito inayoletwa kwenye kikombe kidogo kama kile cha kahawa ya kijiweni. Wateja wake ni watu wa balozi na mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara, watalii wanaosubiri ndege, na Watanzania wenye uwezo wanaosherehekea siku ya kuzaliwa au kumalizia maongezi ya biashara.

Kwa mtu wa Kilosa au Mikumi habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Tunaiandika kwa sababu haiko mbali. Vitunguu vya Malolo na nyanya za Ilula hupita Mikumi kwenda kwenye masoko yanayolisha majiko hayo. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha nne hapa kwetu huambiwa na mtu fulani kwamba kuna kazi ya hoteli Masaki. Na tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ikiwa na kituo hapa Kilosa, safari ya kwenda jijini imekuwa ya saa chache tu. Katika makala haya tunaeleza migahawa hiyo ni ya namna gani, chakula chake kikoje, vitu vyake vinatoka wapi, na anayekwenda kufanya kazi humo ajue nini kabla hajapanda treni.

Mtaa wenyewe

Oysterbay ilipangwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa makazi ya maofisa wa Kizungu. Wakati huo jiji liligawanywa kwa rangi za watu, na hadi leo wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa, miti ya kivuli na upepo wa bahari. Baada ya Uhuru nyumba hizo zilikaliwa na viongozi, watumishi wa serikali na mabalozi. Biashara ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, wageni wenye fedha waliongezeka, Masaki ikajaa, na baadhi ya nyumba zikageuzwa kuwa migahawa.

Ndiyo maana mgahawa wa huko mara nyingi haufanani na hoteli za barabara kuu tunazozijua Mikumi, ambako basi likisimama kila abiria ana dakika chache za kula na kuchimba dawa. Ule ni nyumba yenye ua, meza ziko barazani au chini ya miti, na mteja anakaa saa mbili au tatu. Zuane, ulioko Oysterbay, ni mmoja wa inayofahamika kwa muda mrefu, na wenyewe hujiita trattoria. Huko Italia neno hilo lina maana ya mgahawa wa kawaida, wa familia, wenye menyu fupi na bei ya mtu wa kipato cha kati. Kwa lugha yetu tungesema ni mama lishe aliyefanikiwa akajenga. Chakula hichohicho kilipovuka bahari kikawa cha anasa. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu karibu kila sahani ya Kiitaliano inayouzwa ghali Masaki ilianza kuwa chakula cha maskini.

Jambo dogo la pembeni: barabara kuu inayokatiza maeneo hayo inaitwa Haile Selassie. Huyo ni mfalme wa Ethiopia aliyelazimika kukimbia nchi yake mwaka 1936 baada ya kuvamiwa na Italia ya Mussolini, akarudi Addis Ababa mwaka 1941. Leo watu wanafuata piza kwa kupita kwenye barabara yenye jina lake.

Waitaliano walivyofika upande huu

Tanganyika haikuwahi kutawaliwa na Italia. Waliotawaliwa ni Wasomali wa kusini, na kwao tambi ziliingia hadi kwenye chakula cha kila siku. Wanaziita baasto, wanazila na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Ukiingia kwenye hoteli ya Kisomali Nairobi utazikuta, na hakuna anayeziita chakula cha kigeni.

Kwetu walitangulia wamisionari. Mapadre wa Consolata kutoka Torino waliingia Iringa mwaka 1919, baada ya Wajerumani kuondolewa na Vita ya Kwanza ya Dunia, na Tosamaganga ikawa moja ya vituo vyao vikubwa. Katika Vita ya Pili maelfu ya askari wa Italia waliotekwa Ethiopia na Somalia walishikiliwa katika makambi ya Afrika Mashariki. Nchini Kenya waliacha kanisa dogo kando ya barabara ya Mai Mahiu, walilolijenga mwaka 1942.

Kisha yakaja makampuni, na hapo Mikumi inaingia moja kwa moja. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, lilijengwa na kampuni ya Kiitaliano ya kundi la ENI na kukamilika mwaka 1968. Linapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Watu wanaopita pale kutazama tembo hawalioni, kwa kuwa limefukiwa.

Upande wa pwani ya Kenya, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi baharini, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi ya kwanza ya setilaiti iliruka kutoka jukwaa hilo mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Wataalamu walikuja, ndugu zao wakafuata, na baada yao watalii na wastaafu walionunua nyumba. Leo Malindi na Watamu zina migahawa ya piza na aisikrimu ya Kiitaliano, na vijana wengi wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano fasaha kuliko Kiingereza. Zanzibar nako, hasa Kiwengwa, hoteli za Waitaliano zilizoanza kuongezeka miaka ya 1990 zimefundisha wapishi wengi. Mtu akitafuta mpishi wa piza Dar es Salaam, mara nyingi anampata aliyepitia Zanzibar.

Kilicho kwenye sahani

Menyu ya Kiitaliano inapangwa kwa hatua, na hili humchanganya mgeni kuliko bei. Kwanza kuna kitu kidogo cha kufungulia mlo, kwa mfano mkate uliochomwa na kuwekewa nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Inafuata hatua iitwayo ya kwanza: tambi, wali au supu. Hatua ya pili ni nyama au samaki, na mboga zake huagizwa kando. Mwisho ni kitu kitamu na kahawa. Hakuna anayelazimishwa kupitia hatua zote, na hata Waitaliano wengi hawafanyi hivyo siku ya kazi. Watu wawili wakila piza moja na sahani moja ya tambi hakuna atakayewashangaa.

Tambi kwetu si ngeni. Mwambao wote unazijua, zinapikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi, hasa mwezi wa Ramadhani, na watoto wanazigombania. Mwitaliano akiona tambi za sukari hushtuka, kama sisi tunavyoshtuka tukisikia mtu anakula wali kwa jemu. Kwake tambi ni za chumvi. Zile kavu hutengenezwa kwa ngano ngumu, na huchemshwa kwenye maji mengi: kipimo cha kawaida ni lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi. Hutolewa jikoni zikiwa bado na ukakamavu kidogo zikitafunwa. Mteja mgeni hudhani hazijaiva na kuzirudisha. Weita mzuri huyaeleza haya kabla, si baada.

Piza ilianzia mitaa ya maskini ya Napoli, ikiuzwa na wachuuzi kama chapati zinavyouzwa hapa. Unga wake ni ngano, maji, chumvi na hamira, na hulazwa kwa saa nyingi ili uumuke. Tanuri la kuni hufikia zaidi ya nyuzi joto 400, na piza ya Kinapoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Joto hilo ndilo siri yenyewe. Ukiioka kwenye oveni ya nyumbani kwa dakika ishirini unapata mkate wenye nyanya juu, mtamu pengine, lakini ni kitu kingine. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa waoka piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ni kazi ya mikono hiyo, ya watu waliosimama mbele ya moto, na imepewa heshima sawa na ngoma na sherehe za mataifa.

Risoto ni wali, na hapa mtu wa Kilosa ana haki ya kubisha. Wali wetu, hasa wa mchele wa Kilombero, unasifiwa kwa kunukia na kwa punje kuachana. Ukishikana umeharibika, na mpishi atasemwa. Risoto inataka kinyume chake. Mchele wake ni mfupi na mnene, hukaangwa kidogo na kitunguu, kisha humiminiwa supu ya moto kidogo kidogo huku ukikorogwa mpaka wanga utoke na kuufanya uji mzito. Mpishi aliyejifunzia kwa mama yake hupata tabu ya kuamini kwamba huko ndiko kupika vizuri. Lakini mchele wa Kilombero ukiutia kwenye sufuria ya risoto hautoi kinachotakiwa, na mchele wa risoto ukiupika kwa nazi utalia. Hakuna ulio bora. Kila mmoja umezaliwa na chakula chake.

Polenta ndiyo inayotufurahisha zaidi. Ni ugali. Mahindi yalifika Italia kutoka Amerika katika karne ya 16, yakawa chakula kikuu cha wakulima maskini wa kaskazini. Walipika unga wa njano kwenye sufuria ya shaba, wakisonga kwa mti karibu saa nzima, wakaumimina juu ya ubao na kuukata kwa uzi. Waliokula huo tu, bila nyama wala mboga ya kutosha, waliugua ugonjwa wa ngozi na akili uitwao pelagra, ambao katika karne ya 18 na 19 uliua watu wengi mno kule. Baadaye ilijulikana kwamba ulitokana na kukosa vitamini fulani ambayo mwili hauipati kwenye mahindi yaliyopikwa hivyo. Watu wa kaskazini mwa Italia bado wanaipenda polenta, sasa kwa nyama na uyoga. Ikiwekwa kwenye menyu ya Masaki huwa na jina la Kiitaliano na bei ya Masaki. Ugali wa mtaa wa pili unabaki ugali.

Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kuagiza. La kwanza ni nguruwe. Tambi za carbonara kwa asili hupikwa kwa mayai, jibini, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe, na vipande vya nguruwe huwekwa pia kwenye baadhi ya piza na mchuzi wa nyama ya kusaga. La pili ni pombe. Divai hutiwa kwenye risoto na mchuzi, na kitindamlo cha tiramisu mara nyingi huwa na pombe ndani pamoja na kahawa na mayai mabichi. Kwa Mwislamu, kwa Msabato, kwa mjamzito, swali hilo si la aibu. Na anayefanya kazi ya uweita anapaswa kulijua jibu bila kubahatisha.

Vinavyotoka mashambani kwetu

Jiko la Kiitaliano linakula nyanya kuliko kitu kingine. Barabara ya TANZAM inayopita Mikumi ndiyo mshipa wake. Nyanya za Ilula wilayani Kilolo, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na vya Malolo kwetu Kilosa, mboga za majani na karoti za Mgeta kule Mvomero, zote hushuka kuelekea masoko ya Dar es Salaam, na wanunuzi wa migahawa hununua huko alfajiri. Mkulima wa Malolo huenda kitunguu chake kinaishia kwenye piza ya Masaki, na yeye wala mlaji hawatajua.

Hata jibini inapita hapa. Njombe kuna kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA, kinachonunua maziwa ya wafugaji wadogo na kutengeneza jibini za aina ya Kiitaliano, ikiwemo mozarela ya piza. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha njia moja ya kuingia kwenye soko hilo: badala ya kuuza maziwa, wameuza kitu ambacho majiko hayo yangekiagiza kutoka Ulaya. Dodoma nako, jirani zetu wa reli, kilimo cha zabibu kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki, na divai yake leo inauzwa nchi nzima.

Je, mkulima wa Kilosa anaweza kuiuzia migahawa moja kwa moja? Inawezekana, lakini si rahisi, na tunaona ni heshima kwa msomaji kumwambia ugumu ulipo. Mchuzi wa tambi unataka nyanya ndefu, yenye nyama nyingi, maji na mbegu chache. Aina kama Rio Grande inafaa kuliko zile za mviringo zenye maji mengi. Mpishi anataka nyanya zilizoiva sawasawa, wiki hadi wiki, masika na kiangazi. Zikikosekana hufungua kopo, na majiko mengi ya Kiitaliano duniani hutumia nyanya za kopo mwaka mzima bila haya. Anataka pia ankara na risiti, maana yake muuzaji awe na namba ya mlipakodi. Na mgahawa mara nyingi hulipa baada ya wiki kadhaa, wakati mkulima anadaiwa mbolea leo.

Faida iko kwenye mizani. Mgahawa unanunua kwa kilo. Mkulima wa kitunguu aliyezoea lumbesa anajua tunachosema: gunia linashonewa kilemba juu, mnunuzi analipa bei ya gunia moja na kuondoka na karibu moja na nusu. Sheria ya Vipimo inakataza ufungashaji huo, Wakala wa Vipimo unaukemea kila msimu, na bado upo. Kikundi cha wakulima kumi wenye mizani iliyohakikiwa na mteja mmoja wa uhakika jijini kinaweza kuuza kidogo kikapata zaidi. Kusafirisha ni kwa fuso au kenta, kwa sababu treni ya abiria ya SGR si ya kubebea matenga.

Kuna mmea mmoja tusioutilia maanani. Mrehani, ule wanawake wa pwani wanaoutia kwenye kikuba, ni ndugu wa karibu kabisa wa jani ambalo Waitaliano hulitia kwenye piza na kulisaga kuwa mchuzi wa kijani. Aina yao ina majani mapana na harufu tamu zaidi, mbegu zake zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo ya mijini, na huota vizuri kwenye joto ukipata maji. Jani hilo hunyauka upesi kuliko mchicha, hivyo biashara yake inawafaa zaidi walio karibu na mji, au walio karibu na hoteli za watalii pale Mikumi.

Anayekwenda kufanya kazi

Kazi zilizopo ni za ngazi. Chini kabisa yupo mwosha vyombo, kisha wasaidizi wanaomenya na kukata, kisha wapishi wa vituo: wa tambi, wa tanuri, wa nyama. Nje ya jiko wapo mameneja, maweita na watu wa kaunta ya vinywaji. Wengi wanaoitwa wapishi wakuu leo walianzia kwenye sinki. Mgeni kutoka Italia anayeajiriwa kuwa mpishi anahitaji kibali cha kazi, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania ashike nafasi hiyo. Kijana mwenye nidhamu aliyesimama karibu na mpishi huyo kwa miaka miwili huondoka na ufundi kamili.

Mafunzo si lazima yaanzie Dar es Salaam. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi zake, VETA ina chuo cha hoteli na utalii Arusha, na hapa Mikumi kuna chuo cha VETA. Uliza kozi zinazotolewa mwaka huo kabla ya kulipa chochote. Hoteli za watalii zinazozunguka Hifadhi ya Mikumi nazo hupika tambi na piza kwa wageni wao. Kuanzia hapo, ukilala nyumbani kwenu bila kodi ya chumba, ni busara kuliko kwenda kupanga Tandale huku ukisubiri kuitwa.

Kuhusu wanaokuja vijijini kutafuta wafanyakazi, tunasema wazi. Wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni. Anayekuomba fedha ya kukuunganishia kazi, asiyetaja jina la mgahawa, au anayetaka kubaki na kitambulisho chako, usimfuate. Wasichana wadogo kutoka kwetu wamewahi kuahidiwa uweita wakajikuta wanalea watoto majumbani bila mshahara. Mzazi ana haki ya kupiga simu kwa meneja wa mgahawa kabla mtoto hajaondoka.

Ukishapata kazi, sheria inayokulinda ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Yapo makubaliano ya maandishi yanayoruhusu hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula, lakini si zaidi ya siku 5 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kima cha chini cha mshahara hupangwa kwa amri ya serikali, na amri hiyo hutofautisha hoteli za kitalii na migahawa ya kawaida, kwa hiyo uliza mwajiri wako amewekwa kundi gani. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata zaidi ya nusu ya hiyo. Chama cha wafanyakazi wa sekta hii ni CHODAWU.

Jambo linaloumiza wengi ni makato. Sahani ikivunjika au mteja akitoroka bila kulipa bili, weita hukatwa mshahara wake siku hiyohiyo. Sheria hairuhusu kiholela. Kwa hasara ya namna hiyo, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, awe ameelezwa sababu na kiasi, awe amepewa nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Fedha ya huduma inayoongezwa kwenye bili nayo ina mkanganyiko wake. Mteja hudhani imemfikia weita, kumbe katika baadhi ya migahawa inaingia kwa mwenye mali. Uliza siku ya kwanza inagawanywaje. Na wewe mteja, ukitaka kumpa mtu bakshishi, mpe mkononi.

Kuna kifungu kimoja ambacho kwa watu wa Kilosa na Mikumi kina thamani ya pekee. Mwajiri akimwachisha kazi mtu mahali ambapo siko alikomwajiri, anatakiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, au kumlipa gharama hizo. Kwa hiyo kama mtu wa mgahawa alikufuata Mikumi akakuajiri hapo, hakikisha karatasi ya ajira inasema mahali pa kuajiriwa ni Mikumi. Wengi huandikiwa Kinondoni bila kusoma, na siku ya kuondoka wanachangiwa nauli na majirani.

Ukiachishwa kazi isivyo halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, lakini mshahara wake wa siku alizofanya bado ni wake. Fomu ya kufungulia shauri ni CMA F1, na nakala yake apewe mwajiri. Shauri linafunguliwa katika ofisi ya eneo ambako mgogoro umetokea. Mtu aliyefukuzwa Masaki akarudi kwanza Kilosa kupumzika na kutafakari, kisha akaenda ofisi ya Morogoro wiki ya nne, ataelekezwa arudi Dar es Salaam, na siku zake zitakuwa zimekwisha njiani. Fomu ijazwe huko huko, kabla ya kukata tiketi ya kurudi nyumbani.